Kulisha kondoo kwenye uwanja wa wote mjini, hatua kwa hatua

Mjini majani ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kinachoua kondoo ni kile ambacho watu wamekiacha kwenye majani: mfuko wa plastiki, mkate, matawi ya ua yaliyokatwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi kabla mnyama hajakanyaga uwanja. Mfano wetu ni kondoo 10 wazima wa kilo 40 kila mmoja. Mbuzi nao wanawezekana, ila hubandua magome ya miti na kuruka wavu ambao kondoo anauheshimu. Ukiwa unaanza, anza na kondoo.

Hatua ya 1: Ruhusa na historia ya eneo

Pata ruhusa ya maandishi kwa mwenye ardhi. Muulize uwanja ulipuliziwa dawa gani na lini. Lebo ya dawa ya magugu hutaja siku ambazo mifugo haitakiwi kuingia. Zihesabu kuanzia upuliziaji wa mwisho. Pale palipowahi kuchomwa takataka au kutupwa betri, paache nje ya uzio kabisa. Risasi (madini yenye sumu) iliyomo kwenye majivu na betri haiozi wala haioshwi na mvua moja.

Hatua ya 2: Okota, kisha kagua miti

Tembea uwanja mzima kwa mistari ya mita 2, ukiwa na gunia. Okota mifuko, kamba, nyuzi, waya na misumari. Plastiki ikiingia kwenye tumbo la kucheua haisagiki wala haitoki. Inajisokota na kamba mpaka ikawa donge. Mnyama anakonda huku ubavu wake wa kushoto ukionekana umeshiba. Hakuna dawa ya kuyeyusha donge hilo, ni upasuaji tu. Kondoo huchagua majani kwa midomo, lakini ng'ombe huzoa kwa ulimi, hivyo msumari au waya anaomeza unaweza kutoboa tumbo mpaka kwenye moyo. Ukilisha ng'ombe, okota mara mbili.

Kisha angalia mimea ya mapambo. Oleanda inaua kwa majani machache tu, na yakikauka sumu haipungui. Lantana na mbono (mbarika) nazo ziwe nje ya uzio, pamoja na matawi yote yanayoning'inia ndani. Hatari kubwa zaidi huja baadaye, jirani anapopogoa ua wake na kuwarushia kondoo matawi akidhani anawasaidia. Kagua kingo za uzio kila asubuhi.

Hatua ya 3: Pima majani

Tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50. Irushe sehemu tano tofauti, kata majani yaliyo juu ya sentimita 7, pima uzito, tafuta wastani, zidisha kwa 4. Tuseme umepata gramu 200: hiyo ni gramu 800 kwa mita moja ya mraba. Kipande cha mita 20 kwa 22 kina mita za mraba 440, yaani kilo 352 za majani mabichi. Toa asilimia 40 kwa yatakayokanyagwa na kuchafuliwa, zinabaki kilo 211. Kondoo wa kilo 40 hula takriban kilo 7 za majani mabichi kwa siku, hivyo kumi wanakula 70. Kipande hicho ni cha siku 3.

Hatua ya 4: Uzio

Mzingo wa kipande hicho ni mita 84, kwa hiyo nyavu mbili za umeme za mita 50, zenye kimo cha sentimita 90 hivi, zinatosha. Uweke mita 2 kutoka njia ya watu, na ubandike vibao vya tahadhari kila upande. Fyeka mstari wa wavu kwanza, maana majani yakigusa nyaya zenye umeme, umeme unavujia ardhini.

Waya wa uzio usiunganishwe kamwe moja kwa moja na umeme wa nyumbani, unaua. Umeme lazima upitie mashine ya uzio, inayotoa mipigo mifupi. Nondo ya ethi (chuma kinachounganisha mashine na ardhi) izame mita 1 kwenye udongo wenye unyevu. Pima kwenye ncha ya mbali: chini ya volti 3,000 kondoo watapita, lenga 4,000 na zaidi. Kipimo kikiwa chini, mara nyingi kosa ni ethi kavu, na ndoo ya maji kwenye nondo huonyesha tofauti papo hapo. Ukisikia tik-tik, fuata sauti utakuta tawi au mguso.

Wazoeshe kondoo wavu huo siku mbili nyumbani. Usizime umeme wakiwa ndani, kwani wataanza kusukuma vichwa, na mwenye pembe atanasa.

Hatua ya 5: Siku ya kuingia

Wape nyasi kavu kwanza. Kondoo mwenye njaa akikuta karava (klova, mmea wa jamii ya kunde) yenye umande atavimba tumbo kwa gesi. Andaa lita 80 za maji kwa siku ya joto, kwenye beseni zito lisilopinduka, na kivuli.

Kuhusu mkate, kwenye kibao usiandike tu "Usiwalishe". Watu hupuuza katazo lisilo na sababu. Andika "Mkate unawaua", kwa sababu ni kweli: wanga unachacha haraka, tumbo linakuwa na asidi, na ndani ya siku moja kondoo anaacha kucheua, anaharisha, anayumba. Ukiona hivyo, mwite daktari wa mifugo mara moja. Mbwa wabaki kwenye kamba, na watoto wakishagusa kondoo wanawe mikono kwa sabuni.

Hatua ya 6: Hamisha siku ya tatu

Usisubiri hata kama majani yamebaki. Kwenye joto na unyevu, mayai ya minyoo yaliyo kwenye kinyesi huwa viluwiluwi vya kuambukiza kwa muda wa siku 5 hadi 7, navyo hujaa zaidi kwenye sentimita 5 za chini za majani. Ndiyo sababu ya ile sentimita 7. Usirudi kabla ya wiki 6. Kukiwa na baridi, ngoja zaidi.

Kila unapohamisha, vuta kope la chini la kila kondoo. Rangi nyekundu au waridi iliyokolea ni salama. Ikiwa nyeupe, minyoo inamnyonya damu. Mpe dawa huyo. Kuwapa wote kwa kalenda huzalisha minyoo sugu. Kunja wavu, fagia kinyesi kwenye njia za watu, na uokote tena takataka kwenye kipande kinachofuata, hata kama ulikiokota wiki iliyopita.