Gunia la sukuma wiki na watoto wa klabu: ukiongoza, usiwanyang'anye kazi

Mwaka wa kwanza nilipojitolea katika klabu ya 4-K, ile ya kilimo kwa wanafunzi, ya shule moja ya msingi hapa Nakuru, nilijaza mwenyewe gunia la udongo la kupandia sukuma wiki, huku watoto 22 wakinitazama. Lilisimama wima, likapendeza. Wiki ya pili hakuna aliyekuja kulimwagilia maji. Nani angejisumbua, na gunia ni la Shosho, yaani mimi, bibi yao? Kirefu cha 4-K ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, nami nilikuwa nimewanyima watoto hilo la katikati.

Siku hizi najaza gunia moja nyumbani kwangu wiki moja kabla, peke yangu, nipate kujua mikono midogo itakwama wapi. Hukwama kwenye nguzo ya kokoto. Chukua kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2, lisilo na kifuniko wala kitako. Lisimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani yake, kisha jaza udongo pembeni mpaka ulingane nalo. Vuta kopo juu, kokoto zibaki. Rudia hivyo hadi karibu na mdomo wa gunia. Maji yatapitia hapo kufika chini.

Mtoto mmoja haiwezi kazi hiyo, ila wanne wanaiweza: wa kushika gunia, wa kokoto, wa udongo, wa kuvuta kopo. Basi wagawe wannewanne, na kila kopo likivutwa wabadilishane zamu. Usipolisema hilo mapema, wavulana wakubwa watang'ang'ania sepetu na wasichana wadogo watatumwa maji mpaka jioni. Nimeliona mara nyingi mno.

Udongo wa juu madebe mawili, samadi debe moja. Samadi iwe imeoza vizuri, maana mbichi huunguza mizizi. Waache watie mkono ndani ya rundo wahisi kama bado lina joto, wanuse pia. Halafu sabuni na maji kwa kila mkono, kabla hajatokea mtu na andazi.

Matundu ya ubavuni wanayapima watoto kwa rula, sentimita 15 toka moja hadi jingine, na kuweka alama kwa makaa. Kukata ni kazi ya mtu mzima, na kisu kirudi mfukoni papo hapo. Hakikisha mko watu wazima wawili. Mimi siongozi peke yangu hata siku mwenzangu akichelewa, tunamsubiri tukiimba.

Kila mtoto apande miche yake mwenyewe kwenye matundu aliyoyapima. Kumwagilia ni lita 5 hivi asubuhi na 5 jioni, kwa zamu iliyoandikwa ukutani, na wikendi zisisahaulike.

Sasa lililo gumu kwako wewe kiongozi. Kundi moja liliona kokoto zinawachelewesha, likajaza udongo mtupu. Niliona, ulimi ukaniwasha, nikanyamaza. Baada ya siku kumi miche yao ya chini ilikuwa imelala. Niliwauliza tu, "Maji yanafika wapi?" Wakachimba kwa vidole tundu la chini kabisa, wakakuta vumbi kavu. Walilimwaga gunia lote na kulijaza upya jioni ileile, na hao ndio waliokuja kuwafundisha wenzao wa mwaka uliofuata. Kosa la mche unaweza kulivumilia. La kisu, au la samadi mdomoni, lizuie hapo hapo.

Mkianza kuchuma, majani ya chini kwanza, yale machanga ya kileleni yaachwe. Kila mtoto apeleke fungu lake nyumbani, hata likiwa la majani matano. Mwalimu mmoja aliwahi kuniomba mavuno yote yaende jikoni mwa shule. Nilimsihi hadi akakubali yale ya kwanza yaende kwa mama zao. Jumatatu watoto walikuja wakigombania zamu ya kumwagilia.