Hotuba ya vita ya Mwalimu, 1978: namna ya kupata lengo lake

Mpwa wangu wa kidato cha tano aliulizwa Nyerere alitaka kumshawishi nani, na kwa lipi, alipozungumza baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Aliandika "kutangaza vita", kalamu ikagoma. Tulikwenda hivi.

1. Isikilize sauti yenyewe. Tafsiri ya Kiingereza weka mbali kabisa. Hapo chini tutachambua viambishi vya Kiswahili chenyewe.

2. Andika tarehe pembeni. Novemba 1 Amin anatangaza kuwa ardhi yote hadi Mto Kagera ni yake. Novemba 2 Mwalimu anajibu.

3. Chambua viambishi. "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo." Wengi husifu takriri, yaani kurudiarudia maneno, wakaishia hapo. Mimi naangalia -m- ya "kumpiga". Hakusema "kuwapiga". Adui ni mtu mmoja. Waganda wamewekwa kando, na wengine wao, Obote aliyepinduliwa na Amin akiwemo, walikuwa wakimbizi Tanzania. Halafu tu- ya "tunao": mwenye uwezo si jeshi wala serikali, ni sisi, pamoja na mkulima wa Mtwara asiyewahi kuiona Kagera. Ila usione ushawishi kwenye kila silabi. Jaribu kubadilisha: "Serikali ina uwezo wa kuwapiga." Kama hakuna kilichopotea, achana nacho.

Hapa ndipo nami niliwahi kupoteza jioni nzima. Najua Kampala iliangushwa Aprili 1979, basi nikaisoma hotuba kama mpango wa kumpindua Amin. Kosa! Siku ile mvamizi alikuwa bado ndani ya Kagera, na kazi ya kwanza ilikuwa kumtoa. Ni kweli "kumpiga" hakutaji mpaka wa kuishia, lakini mlango ulioachwa wazi si ushahidi kwamba mtu alishapanga kupita. Funika yote yaliyotokea baada ya tarehe uliyoandika, ndipo usome.

4. Mtafute msikilizaji asiyekuwepo ukumbini. Mwalimu anawataka marafiki wanaoshauri suluhu waache. Hao ni viongozi wenzake wa Afrika, na "sababu" naiona imeelekezwa kwao hasa.

5. Jibu kwa kitenzi kinachoonyesha anamfanya nani afanye au asifanye nini. Mpwa wangu hatimaye aliandika: "Anawafanya wananchi waione vita kuwa yao, na anawazuia marafiki wasimsihi apatane na mvamizi."