Kabla ya kuvuka Ruvuma kufuata gari

Mkazi wa Mtwara anayevutiwa na bei ya sedani mpya ya kimichezo huko Msumbiji akokotoe kwanza kodi za huku, kwa kuwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 hutozwa juu ya thamani ya gari pamoja na usafirishaji na bima, kisha hufuata ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 10 injini ikizidi cc 2,000, halafu VAT juu ya jumla hiyo yote. Unafuu wa ushuru wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hauligusi gari lililoundwa Japani, nje ya jumuiya hiyo, hata likivushwa kwa Daraja la Umoja lililo juu ya Ruvuma. Mimi ningebeba pia futi, nipime kimo cha bampa la mbele kutoka ardhini nijue kama litagonga barabarani, maana bampa la gari kama hilo si la kuokotwa dukani Masasi.