Namna ninavyoandaa filamu ya utoto wa dhiki hapa Kigoma

Kazi inayonilisha ni video za harusi, hapa Mwanga. Filamu fupi nafanya msimu wa harusi ukipoa, kwa simu, na nyingi zinahusu watoto na shida za nyumbani, maana ndizo watu wanazoomba. Vijana wananiuliza nafanyaje. Nafanya hivi.

Kwanza chagua mwaka. Shida ya 1998 siyo shida ya 2024. Kama mtoto wako anasoma shule ya msingi kabla ya ada kufutwa mwaka 2001, kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada kunaingia vizuri. Sekondari za serikali nazo, kidato cha kwanza hadi cha nne, ada ilifutwa kuanzia Januari 2016. Ukiweka mwalimu anamfukuza mtoto kwa ajili ya ada mwaka 2019, watazamaji watakucheka kabla hawajalia. Weka sare, viatu, daftari. Hivyo havijafutwa na mtu.

Kisha tafuta chanzo kimoja cha dhiki ambacho kila mtu anakijua. Huhitaji mama wa kambo mkatili wala baba mlevi, hao wameshatumika mpaka wamechoka. Huku kwetu Ziwa Tanganyika linatosha. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika, na Kibirizi yote, mwaloni kwetu, inajua siku hizo mifuko inakuwaje. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mchukue mama anayenunua dagaa wabichi, anaanika, anauza. Miezi mitatu hana cha kuanika. Hakuna mbaya wake, na watoto lazima wale. Hapo hadithi unayo.

Sasa onyesho lenyewe. Mama mwenye deni haendi dukani, anamtuma mtoto. Mimi naliandika hivi: mtoto wa darasa la pili anafika dukani jioni, "Shikamoo mjomba, mama kasema umkopeshe mafuta ya mia tano na kipande cha sabuni." Mwenye duka anaitikia, anafungua daftari la madeni, anageuza ukurasa, anageuza mwingine. Mtoto ameshajua kusoma, analisoma jina la mama yake kichwa chini miguu juu, na tarakimu zilizopangana chini yake. "Mwambie mama aje mwenyewe." Anarudi nyumbani, anasema, "Duka limefungwa." Mama amesimama mlangoni, taa ya duka anaiona pale pale. Anamjibu, "Basi nitakwenda kesho." Mtoto anamficha mama, mama anamficha mtoto. Hakuna aliyelia, na hapo ndipo mtazamaji anapoanza kutafuta kitambaa.

Kwenye kulipiga, shusha simu mpaka kifuani kwa mtoto, meza ya duka ionekane ndefu. Sura ya mwenye duka iache, piga mkono na kalamu. Daftari la kweli usilitumie, lina majina na madeni ya majirani zako. Nunua jipya, lichafue kidogo kwa mawese.

Onyesho la jioni lipige jioni kweli, usisubiri giza, maana simu gizani inaleta picha ya chengachenga. Huku jua linazama zaidi ya nusu saa baada ya Dar, likishaingia nyuma ya milima ya Kongo una muda mfupi wa mwanga laini. Fanyeni mazoezi mapema, muda huo uwe wa kurekodi tu. Mchana ufukweni kazi ni nyingine: dagaa waliomwagwa mchangani wanang'aa kama kioo, simu inachanganyikiwa, uso wa mtoto unakuwa mweusi. Bonyeza uso wake kwenye skrini, shikilia mpaka mwanga ujifunge usibadilike tena. Ukikuta ziwa limefungwa, usihangaike kutafuta dagaa, chanja tupu za kuanikia zinasema zenyewe.

Sauti: simu ya pili iweke mfukoni mwa shati la mtoto, tundu la maiki la simu hiyo lifunike kwa kipande cha sponji kwa sababu ya upepo wa ziwa, piga makofi mara moja mwanzoni ili ulinganishe sauti na picha baadaye. Kinanda cha huzuni kiache. Nasema kiache.

Mtoto mwigizaji asifinywe wala kutishwa ili alie. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo na wanajiita madairekta. Mzazi akubali na awepo, mtoto ale kabla ya kazi, na usimchukue mwenye njaa ya kweli ukamwambia aigize njaa. Mpe cha kufanya kwa mikono, kuhesabu sarafu, kukunja sare, na maneno aseme kwa namna yake. Akichanganya Kiha, mwache.

Weka na kicheko. Watoto wa nyumba hiyo wacheze mpira wa makaratasi, wagombanie ukoko, wamwige mwalimu wao. Nyumba ya dhiki isiyocheka hata mara moja imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala humo.

Vibali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976 na Bodi ya Filamu ipo, hivyo anza kwa afisa utamaduni wa manispaa, umwone na mwenyekiti wa mtaa.

Kabla ya kuitoa, waonyeshe akina mama wanaoanika Kibirizi. Kwenye maigizo watakuvumilia, kwenye kazi yao hawatakuvumilia. Wakisema, "Huyu mama hata kugeuza dagaa hajui," muombe mmoja wao amfundishe mwigizaji wako, urudie kesho yake asubuhi dagaa wakishamwagwa.