Andika hitilafu kabla hujaiacha
Unapohisi ari ya kazi ya teknolojia ya habari inafifia, jenga mazoea ya kuandika daftarini, mara tu unapotatua hitilafu, ujumbe wa kosa kama ulivyoonekana kwenye skrini, chanzo chake halisi na amri iliyoitatua. Kwa mfano, kompyuta inayoifikia 8.8.8.8 (anwani ya seva ya Google kwenye intaneti) lakini haifungui tovuti yoyote kwa jina, kwa kawaida ina tatizo la DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), si la kebo. Kazi yetu ikifanyika vizuri haiachi alama, ilhali daftari hukuonyesha wazi kwamba lililokusumbua mchana kutwa sasa unalimaliza upesi. Halisaidii ukisubiri mwisho wa wiki ndipo uandike kwa kukumbuka, wala haliondoi uchovu wa zamu ndefu, ambao dawa yake ni mapumziko. Nywila zisiandikwe humo kamwe.