Kutoka Kunakili hadi Mkondo Wako: Mwongozo kwa Mchoraji wa Tingatinga

Anayechora tembo na twiga walewale kila wiki kwa ajili ya maduka ya watalii hupata riziki, lakini mwisho mkono huchora wenyewe na hamu ikaisha. Kuacha oda si dawa, maana kodi ya nyumba haingoji. Tenga sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyeiagiza, kisha uilinde: humo ndimo utakapopata mkondo wako, yaani namna yako mwenyewe ya kuchora.

Kiwango kinachobebeka ni picha moja yako kwa kila tano za oda. Ukikata kitambaa cha oda, kata na chako palepale, kiwambe, ukipake rangi nyeupe ya maji mara mbili siku hiyohiyo. Kitambaa kilicho tayari ukutani kinadai kuchorwa. Kilichokunjwa kabatini husahauliwa. Shika kipimo kimoja, mraba wa sm 60 kwa mfano, karibu na ule wa mbao nyingi za hardboard alizochora Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968. Vipimo vikifanana, utaona kama mchoro ndio umebadilika, na picha zitauzika kwa pamoja.

Kuchagua mada ndiko wengi wanakokwama. “Maisha ya Afrika” si mada, ni pana mno. Chukua mama lishe mmoja. Bila kutazama simu, taja vitu kumi vya pale kwake: masizi pembeni mwa sufuria, sinia lililofunika wali na makaa juu yake, ndoo ya kunawia yenye bomba la plastiki, kanga aliyofutia mikono, benchi lililoinamia upande mmoja. Ukiishia vinne, nenda ukaketi hapo asubuhi nzima na daftari. Ukifika kumi na bado unataka kuongeza, umepata picha kumi na mbili za kuanzia.

Angalia pia mkono wako ulijua nini kabla ya uchoraji. George Lilanga, msanii wa Tanzania, alitoka kwenye uchongaji wa Kimakonde, na mashetani wa kwenye mpingo akawahamishia kwenye picha. Hakutupa alichokuwa nacho. Aliyekuwa akiandika mabango ana mstari mmoja mrefu usiotetemeka. Fundi cherehani anajua nguo inavyoanguka mwilini. Hapo ndipo pa kuanzia.

Furaha hufa haraka kazi ikiharibika, kwa hiyo heshimu rangi ya mafuta. Paka usuli kwanza, yaani rangi ya nyuma ya picha, uache usiku kucha. Wakati wa masika, siku mbili. Kisha maumbo makubwa kwa rangi bapa, uyaache yakauke tena, mwisho vitone na mistari kwa brashi nyembamba. Ukiharakisha, uso hujikunja kama ngozi ya maziwa, kwa sababu juu kumeshikana na hewa huku chini bado ni laini, na thina ya rangi mpya inaipenya na kuivimbisha. Thina ongeza kidogokidogo: ikizidi, rangi inatiririka na mng'ao unakufa. Usiviringishe picha mbichi. Ikikauka kabisa, iviringishe uso ukiwa nje, maana ukiwa ndani rangi hubanwa, ikajikunja na kubanduka. Na usiifungie gizani miezi mingi. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano.

Picha zako zikifika sita, zipange ukutani kwenye mwanga wa mchana. Ipi ungeirudia hata bila malipo? Katika ipi saa zilipita bila wewe kujua? Na ni sehemu gani uliyoichora kwa kulazimika? Mara nyingi jibu si mada nzima, ni kipande: nyuso, au vyombo, au rangi ya usuli. Sita zinazofuata zijengwe juu ya kipande hicho. Hatua hii inastahili uvumilivu wako wote, kwani mkondo huonekana kwenye mfululizo, mara chache sana kwenye picha moja.

Bei nayo inagusa moyo. Jumlisha vifaa na siku zako. Tuseme vifaa ni Sh 12,000, siku ni mbili, na ujira wako wa siku ni Sh 25,000: picha ni Sh 62,000 kabla ya faida. Mteja akitoa Sh 40,000, siku yako imekuwa Sh 14,000. Kwenye oda unaweza kukubali ukiwa na shida. Kwenye picha zako usikubali, ni afadhali ibaki ukutani.

Nyuma ya kila moja andika jina lake, mwaka na namba ya mfululizo, kisha ipige picha kabla haijatoka. Mteja akitaka “nyingine kama hii hii”, mwonyeshe ile inayofuata. Aking'ang'ania nakala, ihesabu kwenye zile tano za oda, uiandike nyuma kuwa ni nakala, na isipewe namba.