Somo: Tripodi au monopodi? Namna ya kuchagua kama unapiga picha kwa kujifurahisha tu

Wakuu salama? Hili swali linarudi kila mara, mtu kamera anayo, lenzi anayo, sasa anataka stendi ila hajui achukue ya miguu mitatu (tripodi) au ya mguu mmoja (monopodi), na jibu analopewa ni "chukua tripodi ndo bora". Hapana, inategemea unapiga nini. Twende hatua kwa hatua, maswali mtaweka chini.

Kabla ya yote shikeni hili: stendi inatuliza kamera, haimtulizi unayempiga picha. Mtoto akikatiza mbio mbele ya tripodi nzito kuliko zote bado atatoka na ukungu kama shata yako, yaani kile kidirisha cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, ni ya taratibu.

Hatua ya 1: Jua picha zako zinaharibikia wapi

Zifungue zile zilizotoka vibaya uzikuze. Kama kila kitu kimeburuzika kuelekea upande mmoja, ukuta, miti, mtu, vyote, hapo mkono ulitikisika na stendi itakusaidia sana. Kama ukuta uko safi ila mtu ndo kaburuzika basi stendi haihusiki, ongeza spidi ya shata, mtu aliyekaa kwa pozi 1/125 ya sekunde inamtosha, anayetembea mpe 1/250, anayekimbia nenda 1/500 mpaka 1/1000. Na kama mtu hajaburuzika ila kafifia tu, halafu majani ya nyuma yake yako makali, fokasi ilikamata mahali sipo. Naomba hatua hii msiiruke, watu wengi wananunua stendi wakati walichohitaji ni kupandisha ISO kidogo (wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ukiupandisha unaweza kutumia shata ya haraka).

Hatua ya 2: Hesabu ya mkono

Kuna kanuni ya tangu enzi za filamu: ukishika kamera mkononi, spidi ya shata isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi (ile namba ya mm iliyoandikwa kwenye lenzi). Lenzi ya 50mm unataka 1/50 au zaidi, ya 200mm unataka 1/200. Kama sensa ya kamera yako (kile kibati cha ndani kinachopokea picha) ni ile ndogo iitwayo APS-C zidisha kwanza kwa 1.5 hivi, hiyo 50 inahesabika 75.

Sasa monopodi inakupa nafuu ya stopu 2, ukiizoea vizuri 3 (kila stopu, muda wa shata unaongezeka mara mbili). Yaani ile 200mm iliyotaka 1/200 unashuka mpaka 1/50, na mkono ukiwa mtulivu hata 1/25. Tripodi haina mpaka huo, sekunde 1, sekunde 30, dakika kadhaa, yenyewe imesimama tu. Kwa hiyo kama roho yako iko kwenye nyota, fataki, mistari ya taa za magari usiku, maporomoko ambayo maji yake yanalainika, usisumbuke na mjadala, hizo ni kazi za tripodi. Fataki peke yake zinataka sekunde 2 mpaka 4, hakuna mguu mmoja utakaokushikia hapo.

Kingine, kamera na lenzi nyingi za siku hizi zinatuliza mtikisiko zenyewe. Ukiwa na hizo halafu lenzi yako ni fupi, monopodi haitakuongezea kitu kikubwa. Utamu wake unauona kwenye lenzi ndefu na nzito, maana hapo haisaidii picha tu, inaupumzisha na mkono.

Hatua ya 3: Angalia unakopigia

Mechi za mpira, ndege, wanyama, sherehe yenye watu wengi: monopodi. Unahama nayo sekunde moja, unageuka nayo kumfuata mchezaji, wala hakuna mtu atakayejikwaa. Maeneo mengi ya makumbusho na majengo ya kihistoria hayaruhusu tripodi, monopodi baadhi wanaipitisha, uliza kabla hujaibeba.

Mandhari, picha za familia ambazo na wewe unataka uwemo, picha za vitu vidogo mezani, majengo jioni: tripodi. Na kwenye vitu vidogo kuna sababu ambayo wengi hawaifikirii. Monopodi inazuia kamera kupanda na kushuka, ila haizuii kuyumba mbele na nyuma, na ukiwa karibu sana na ua au mdudu ukiyumba kidogo tu fokasi imeshahama. Miguu mitatu inakaa imara hata ardhi ikiwa na mabonde kama kigoda cha jikoni, haichezi.

Hatua ya 4: Jiulize kama utaibeba kweli

Hapa uwe mkweli na nafsi yako. Tripodi nzuri inayobaki ndani ya kabati haitulizi picha yoyote. Kama matembezi yako ni ya familia, watoto mkononi na begi mgongoni, monopodi nyepesi utakayotoka nayo kila siku inakufaa kuliko tripodi ya kilo 3 utakayoichukia safari ya pili. Ila kama wewe ni wa kutoka peke yako alfajiri ukasubiri mwanga, beba tripodi. Aluminiamu ni nafuu na inatosha kabisa, kaboni ni nyepesi zaidi na bei yake inapanda.

Hatua ya 5: Ikague kabla ya kulipa

Ifungue yote, ikandamize juu kwa kiganja, izungushe kidogo. Ikijipinda au kufuli za miguu zikiteleza irudishe. Uzito inaoweza kubeba uwe angalau mara mbili ya kamera pamoja na lenzi yako nzito. Kichwa cha gololi (kile cha juu kinachoshika kamera na kugeuka kila upande) ni cha haraka na kinafaa matumizi mengi. Skrubu ya kamera karibu zote ni ya robo inchi kwa hiyo hapo usiwe na wasiwasi. Ukichagua tripodi, usivutiwe na urefu ulioandikwa kwenye boksi kama urefu huo unatokana na kile chuma cha katikati, ukikipandisha chote umeshaweka kamera juu ya mguu mmoja mwembamba. Fungua kwanza vipande vinene vya miguu, vyembamba baadaye, chuma cha katikati kiwe cha mwisho kabisa.

Maswali ya wadau

Mdau: Mkuu asante kwa somo. Mimi natumia simu tu, hivi vitu vinanihusu?

Vinakuhusu sana ndugu yangu. Nunua kishikio cha simu chenye tundu la skrubu ya robo inchi. Mchana huhitaji kitu, ila usiku simu nyingi zikihisi zimetulia zinaacha shata wazi muda mrefu zaidi zenyewe, iPhone zenye hali ya usiku zinafika mpaka sekunde 30 zikiwa kwenye tripodi. Kwa simu tripodi ndogo ya mezani inatosha.

Mdau: Kuna monopodi zenye vimiguu vitatu vidogo chini, si ndo tunapata vyote viwili hapo?

Hapana, hapo tahadhari. Vile vimiguu ni vya kukusaidia usawa na kugeuza kamera taratibu ukirekodi video, mkono wako usitoke. Ukiiachia ukaenda kuingia kwenye picha, upepo kidogo tu kamera iko chini.

Mdau: Kaka mimi monopodi ninayo lakini sioni tofauti na kushika mkononi, shida nini?

Nadhani unaisimamisha wima mbele yako halafu unasimama miguu imebana. Panua miguu, mguu wa monopodi usogeze mbele kidogo ili miguu yako na wenyewe vifanye pembetatu, kisha uegemee. Kamera iguse uso, viwiko vibane mbavuni, bonyeza taratibu ukiwa unatoa pumzi. Piga picha 3 au 4 mfululizo uchague iliyo kali.

Mdau: Nikiwa kwenye tripodi nizime ile ya kutuliza mtikisiko?

Kwenye lenzi za zamani zima, maana inaweza kutafuta mtikisiko ambao haupo ikaharibu picha. Mpya nyingi zinajitambua zenyewe, piga moja ikiwa imewashwa na moja imezimwa ulinganishe. Kwenye monopodi iache iwake. Na tripodini usibonyeze kitufe kwa kidole, weka taima ya sekunde 2 au tumia remoti.

Mdau: Kaka nimeisimamisha tripodi baharini, sasa miguu inakwaruza ikifunguka.

Ni mchanga na chumvi mpendwa. Usiilazimishe, itakula kufuli. Fungua vipande vyote, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, futa, iache ikauke ikiwa wazi ndo uikunje. Siku nyingine ukifika kwenye mchanga, kinyume na nilivyosema juu, fungua kwanza vile vipande vyembamba vya chini, kufuli zikae juu ya maji na mchanga.